David Hume: Mwanafalsafa aliyetafuta hakimu wa ladha

Watu wawili wakinywa kutoka kikombe kimoja, mmoja akasifu na mwingine akakunja uso, ni nani aliye sahihi? Wahenga walisema kipendacho roho hula nyama mbichi, na kwa wengi methali hiyo inatosha kuufunga mjadala. Kila mtu na ladha yake.

Hata hivyo, dunia ya biashara na ya sanaa haiendi hivyo. Wako watu wanaolipwa ili waonje kwa niaba ya wengine. Katika mnada wa chai wa Mombasa, ulimi wa mwonjaji una sauti kubwa katika kupanga bei ya shehena. Katika biashara ya mvinyo huko Ulaya na Marekani, alama zinazotolewa na mhakiki mmoja mashuhuri huweza kupandisha au kushusha bei ya mavuno ya mwaka mzima. Ikiwa ladha ni jambo la nafsi ya mtu peke yake, kwa nini ulimi wa mmoja uwe na thamani kuliko ulimi wa mwingine?

Aliyelijibu swali hilo kwa namna inayojadiliwa mpaka leo hakuwa mfanyabiashara wa mvinyo, ingawa alikuwa mpenzi wake mkubwa. Alikuwa mwanafalsafa na mwanahistoria wa Uskochi, David Hume, aliyefariki dunia mwaka 1776. Jibu lake limo katika insha fupi ambayo aliiandika ili kuziba pengo katika kitabu kilichokuwa kimepungukiwa kurasa. Maisha yake mwenyewe yanaonyesha nguvu ya jibu hilo, na yanaonyesha pia mahali lilipomshinda.

Mtoto wa Ninewells

David Hume alizaliwa mjini Edinburgh mwaka 1711, tarehe 7 Mei kwa kalenda inayotumika sasa. Jina la ukoo wake liliandikwa Home, lakini Waskochi walilitamka Hume. Baba yake, mwanasheria aliyemiliki shamba la Ninewells karibu na kijiji cha Chirnside, kusini mashariki mwa Uskochi, alifariki David akiwa na umri wa miaka miwili. Mama yake, Katherine, hakuolewa tena. Alijitolea kuwalea watoto wake watatu kwa kipato cha shamba ambalo, kwa desturi ya wakati huo, lilirithiwa na mtoto wa kiume wa kwanza. David, akiwa kitinda mimba, alijua tangu utotoni kwamba angelazimika kujitafutia riziki.

Alipelekwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kabla ya kutimiza miaka 12. Jamaa zake walimtaka asomee sheria. Yeye, wakati walipodhani anazisoma sheria, alikuwa akiwasoma Cicero na Virgil. Alipofikia miaka 18 aliamini ameona njia mpya ya kuichunguza akili ya binadamu, akajifungia na vitabu mpaka afya yake ikaharibika.

Mwaka 1734, akitafuta nafuu, alikwenda Bristol kuwa karani wa mfanyabiashara wa sukari, bidhaa iliyotokana na jasho la watumwa wa Kiafrika katika visiwa vya Karibi. Kazi hiyo ilimshinda kwa miezi michache tu. Jambo moja alilotoka nalo Bristol ni jina: kwa kuwa Waingereza walishindwa kulitamka Home kama Waskochi, alianza kuliandika kama linavyosikika. Uamuzi huo mdogo ungekuja kuzua utani wa maisha na rafiki yake mmoja.

Kutoka Bristol alivuka bahari kwenda Ufaransa, akakaa miaka mitatu, sehemu kubwa ikiwa katika mji mdogo wa La Flèche, ambako zamani Descartes alisoma. Huko maisha yalikuwa rahisi, maktaba ya Wajesuiti ilikuwa karibu, na kijana huyo aliandika kitabu chake kikubwa juu ya maumbile ya binadamu. Kilianza kuchapishwa London mwaka 1739, mwandishi akiwa na umri wa miaka 27. Leo kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu vikuu vya falsafa. Wakati ule hakikuleta kishindo chochote alichokitarajia.

Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na wazo lililomfuata maisha yake yote. Hume alishikilia kwamba uzuri hauko ndani ya kitu kama uzito au umbo vilivyomo ndani yake. Uzuri ni hisia inayozaliwa katika moyo wa anayekitazama au kukionja kitu hicho. Kama ni hivyo, basi hakuna anayekosea katika ladha, kwa sababu hisia haiwezi kuwa ya uongo. Ilimchukua karibu miaka 20 kulirudia tatizo hilo na kutafuta njia ya kulitatua.

Chupa na siasa

Katika Uskochi ya karne ya 18, swali la kinywaji lilikuwa pia swali la siasa. Kwa karne nyingi Waskochi walikuwa wakinywa mvinyo mwekundu wa Bordeaux, ulioteremshwa kwa mapipa katika bandari ya Leith. Mwaka 1703 Uingereza ilitia saini mkataba wa Methuen na Ureno. Kwa mkataba huo, ushuru wa mvinyo wa Ureno haukupaswa kuzidi theluthi mbili ya ushuru wa mvinyo wa Ufaransa. Mvinyo mtamu na mkali wa Ureno, uitwao port, ukawa nafuu kwa Waingereza. Baada ya Uskochi kuungana na Uingereza mwaka 1707, kuendelea kunywa mvinyo wa Bordeaux kulikuwa kwa Waskochi wengi ishara ya kutosahau walikotoka.

Hume aliiangalia sera hiyo kwa jicho la mchumi. Katika insha zake za mwaka 1752 alieleza kwamba wivu wa kibiashara dhidi ya Ufaransa uliwanyima Waingereza soko la vitambaa vyao vya sufu, na badala yake ukawafanya wanunue Ureno na Hispania kinywaji kibaya zaidi kwa bei kubwa zaidi. Ni hoja ya uchumi, lakini ndani yake imo hukumu ya ladha: alisema kinywaji hicho ni kibaya zaidi, na hakusema tu kwamba yeye hakipendi. Ni kwa haki gani mtu anayeamini kuwa ladha ni hisia ya moyo anaweza kutamka hivyo?

Wakati huo maisha yake yalikuwa ya panda shuka. Mwaka 1745 aliomba kiti cha profesa Edinburgh, akakataliwa kwa sababu viongozi wa dini walimwona kuwa mtu asiye na imani. Alikuwa mwalimu wa nyumbani wa kabaila aliyekuwa na maradhi ya akili, kisha katibu wa Jenerali James St Clair katika msafara wa kijeshi wa mwaka 1746 kwenye pwani ya Ufaransa, na baadaye katika ujumbe uliokwenda Vienna na Turin. Glasgow nako alikosa uprofesa. Mwaka 1752 mawakili wa Edinburgh walimpa kazi ya mkutubi, kwa mshahara wa pauni 40 kwa mwaka. Fedha zilikuwa chache, lakini vitabu vilikuwa maelfu, na kwa vitabu hivyo alianza kuandika historia ya Uingereza ambayo mwishowe ilimtajirisha.

Hata huko maktaba, suala la ladha lilimfuata. Mwaka 1754 wasimamizi waliamuru vitabu vitatu vya Kifaransa alivyovinunua viondolewe rafuni kwa kuwa viliwaudhi. Hume hakuiacha kazi mara moja, kwa sababu alivihitaji vitabu vya maktaba hiyo, lakini mshahara wake alimkabidhi mshairi kipofu, Thomas Blacklock.

Insha iliyoziba pengo

Mwaka 1757 Hume alitoa kitabu chenye maandiko manne. Awali kilikusudiwa kuwa na insha mbili nyingine, moja juu ya mtu kujiua na nyingine juu ya roho kuishi milele. Insha hizo zilikwisha pigwa chapa, lakini hofu ya kushitakiwa ilimfanya yeye na mchapishaji wake, Andrew Millar, waziondoe. Zilikuja kuchapishwa rasmi baada ya kifo chake. Ili kujaza kurasa zilizobaki wazi, Hume aliandika haraka insha juu ya kigezo cha ladha.

Anaanza kwa kukubali kwamba ladha za watu hutofautiana kupita kiasi, hata ndani ya nyumba moja. Anakubali pia nguvu ya hoja isemayo kwamba hisia zote ni sawa. Kisha anaonyesha kwamba hakuna mtu anayeishi kwa kuifuata hoja hiyo mpaka mwisho. Mtu akidai kichuguu ni kirefu sawa na mlima wa Tenerife, watu watamcheka. Vivyo hivyo, anasema Hume, wako waandishi ambao kuwalinganisha ni kichekesho, na msomaji anayewalinganisha hatumwiti mwenye ladha tofauti bali asiye na ladha.

Hapo ndipo anapoleta kisa cha mvinyo alichokitoa katika riwaya ya Cervantes, Don Quixote, sehemu ya pili, iliyochapishwa mwaka 1615. Sancho Panza anajisifu kuwa uonjaji umo katika damu ya ukoo wake. Jamaa zake wawili waliitwa kutoa maoni juu ya pipa la mvinyo wa zamani. Katika usimulizi wa Hume, wa kwanza alionja, akatafakari, akasema ni mvinyo mzuri isipokuwa una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili naye akausifu, ila akasema anasikia ladha ya chuma. Waliokuwapo waliwacheka wote wawili. Pipa lilipomalizika, chini yake palikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwenye ukanda wa ngozi.

Kwa Cervantes, kisa hicho ni majigambo ya mtumishi mwenye maneno mengi. Kwa Hume, ni ushahidi. Kabla ya pipa kumalizika, ilikuwa rahisi kusema kwamba wale wawili wana ndoto zao tu. Hata wao wenyewe walitofautiana. Lakini katika pipa mlikuwa na kitu kweli, na ndimi zao zilikigundua pale ambapo ndimi za wengine hazikusikia chochote. Uzuri unaweza kuwa hisia ya moyo, lakini katika vitu zimo sifa ambazo kwa maumbile ziliwekwa kuziamsha hisia hizo, na si kila mtu ana uwezo wa kuzisikia.

Sifa tano za hakimu

Tatizo ni kwamba mashairi na nyimbo hazina ufunguo chini ya pipa. Hume alilijua hilo. Kwa hiyo aliorodhesha sifa za mtu ambaye hukumu yake inafaa kutegemewa. Awe na akili timamu. Awe na hisia nyepesi za kutambua hata kilicho kidogo. Awe amefanya mazoezi mengi, kwa kuwa anayeonja kwa mara ya kwanza husikia mchanganyiko tu. Awe amelinganisha vingi, maana asiyeonja kilicho bora hukiona cha wastani kuwa bora. Na mwisho, awe amejisafisha na chuki na upendeleo wa aina zote.

Watu wenye sifa hizo zote ni wachache, alisema, na hukumu yao ya pamoja ndiyo kigezo. Muda nao husaidia kuwathibitisha. Homer aliyewapendeza watu wa Athens na Roma miaka 2,000 kabla alikuwa bado akisifiwa Paris na London, ilhali washairi waliovuma kwa siku chache walikwisha sahaulika.

Hume hakudai kwamba hakimu huyo atamaliza ugomvi wote. Alibakiza milango miwili ya tofauti zisizo na lawama. Mmoja ni tabia ya mtu: kijana wa miaka 20 humpenda Ovid, wa miaka 40 humpenda Horace, na wa miaka 50 huenda akamchagua Tacitus. Mwingine ni mila na mawazo ya nchi na zama. Katika hayo, mtu huchagua mwandishi kama anavyochagua rafiki, na hakuna wa kumkosoa.

Kuna jambo ambalo kisa cha pipa hakikulitatua. Ufunguo ulithibitisha kuwa mna chuma na ngozi. Haukuthibitisha kwamba mvinyo ulikuwa mzuri. Kugundua kilichomo ni kazi moja, kukipenda ni kazi nyingine, na wahakiki wa mvinyo wangali wanazichanganya kazi hizo mbili mpaka leo.

Hakimu mbele ya mahakama yake

Kitabu hicho cha mwaka 1757 Hume alikitunuku kwa rafiki yake, mchungaji John Home, mtunzi wa tamthilia iitwayo Douglas, iliyoonyeshwa Edinburgh mwezi Desemba mwaka 1756. Kanisa lilichukizwa na mchungaji kuandikia jukwaa, na mwaka 1757 John Home aliacha uchungaji. Hume alimtetea, na katika kumtetea alimsifu mno, akimpa kipaji cha Shakespeare kilichosafishwa makosa yake. Leo Shakespeare anachezwa kila pembe ya dunia, na Douglas inajulikana kwa wataalamu wachache. Ukipenda chongo huita kengeza.

Ndani ya insha yenyewe mna kosa jingine. Katika mifano yake ya ulinganishaji wa kuchekesha, Hume alimweka John Bunyan chini na Joseph Addison juu, umbali kati yao ukiwa kama wa kidimbwi na bahari. Vizazi vilivyofuata vimepindua hukumu hiyo. Safari ya Msafiri ya Bunyan ilitafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, wakati Addison husomwa zaidi na wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza.

Kosa zito kuliko yote halihusu tamthilia. Mwaka 1753 Hume aliongeza tanbihi katika insha yake juu ya tabia za mataifa. Humo aliandika kuwa anashuku kwamba watu weusi kwa maumbile yao wako chini ya weupe, na kwamba kati yao hapakuwahi kuwa na ufundi, sanaa wala elimu. Alitaja habari za mtu mmoja mweusi wa Jamaica aliyesifika kwa elimu, akasema kuwa yaelekea anasifiwa kwa mambo madogo, kama kasuku anayetamka maneno machache. Wataalamu wanaamini aliyekusudiwa ni Francis Williams, aliyetunga mashairi kwa Kilatini.

Hakuna dalili katika tanbihi hiyo kwamba Hume alikuwa amesoma lolote la Williams. Alilihukumu pipa bila kuonja. Wakati akiandika kwamba Waafrika hawana sanaa, hati ya Utendi wa Tambuka, utenzi mrefu wa Kiswahili uliotungwa Pate, ilikuwa na umri wa miaka 25, kwani ina tarehe ya mwaka 1728. Kutokuijua si ajabu kwa mtu wa Edinburgh wa karne ile. Ajabu ni kutoa hukumu juu ya asichokijua, kisha miaka minne baadaye kuandika kwamba hakimu wa kweli hujisafisha na chuki.

Haiwezi kusemwa kwamba zama zake zilimfunga macho kabisa. Mwaka 1770 Mskochi mwenzake, James Beattie, aliipinga tanbihi hiyo waziwazi. Hume mwenyewe, katika insha ya mwaka 1752, aliulaani utumwa wa Wagiriki na Warumi wa kale. Lakini barua yake ya mwaka 1766, iliyochapishwa katika karne hii, inaonyesha alimhimiza Lord Hertford anunue mashamba ya watumwa huko Grenada. Tanbihi aliifanyia marekebisho, hakuifuta.

Paris na jiko la Edinburgh

Lord Hertford ndiye aliyempeleka Paris mwaka 1763, alipoteuliwa kuwa balozi wa Uingereza. Mtu ambaye kwao alinyimwa uprofesa mara mbili, na ambaye vitabu vyake vilipigwa marufuku na Kanisa Katoliki mwaka 1761, alipokewa Paris kama mfalme. Mabibi wa tabaka la juu waligombea kuwa naye katika vikao vyao vya jioni, ingawa alikuwa mnene, mzito wa mwendo, na Kifaransa chake kilikuwa na lafudhi ya Kiskochi. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1765 aliuongoza ubalozi akiwa kaimu.

Mwaka 1766 alirejea Uingereza akiwa na Jean-Jacques Rousseau, aliyekuwa akitafuta hifadhi. Urafiki huo uliishia katika ugomvi uliosomwa na Ulaya nzima, Rousseau akiamini kuwa mwenyeji wake anamfanyia njama. Baada ya kutumikia serikali London mwaka 1767 na 1768, Hume alirudi Edinburgh mwaka 1769 akiwa na kipato cha pauni 1,000 kwa mwaka, utajiri mkubwa kwa kitinda mimba wa Ninewells.

Huko aligeukia jiko. Aliwaandikia marafiki akijisifia mapishi yake: supu ya kichwa cha kondoo, nyama ya ng'ombe kwa kabeji, na kondoo mzee ashushiwe na mvinyo wa Bordeaux uliokaa miaka mingi. Mwaka 1771 alihamia nyumba mpya karibu na St Andrew Square, na meza yake ikawa mahali pa kukutana wanazuoni, akiwemo Adam Smith, baba wa elimu ya uchumi.

Wosia wa mivinyo miwili

Mwaka 1775 maradhi ya tumbo yalizidi. Mwezi Aprili mwaka 1776 aliandika habari za maisha yake kwa kurasa chache, kisha akafunga safari kwenda kutafuta nafuu kwenye chemchemi za Bath. John Home alifuatana naye njiani. Mwezi Julai mwandishi James Boswell alimtembelea, akitaka kujua kama mtu asiyeamini maisha ya baadaye atatetemeka mbele ya kifo. Alimkuta ametulia, na Boswell ndiye aliyeondoka na wasiwasi.

Mwezi Agosti, zikiwa zimebaki siku chache, Hume aliongeza kipengele katika wosia wake kumhusu John Home. Marafiki hao walikuwa wamebishana mambo mawili kwa miaka mingi. John alishikilia kwamba jina lao liandikwe Home, na alidharau mvinyo wa port, wakati David aliandika Hume na kuuona port kuwa unanyweka. Katika wosia alimwachia rafiki yake dazeni kumi za mvinyo mkongwe wa Bordeaux, achague mwenyewe, pamoja na chupa moja ya port. Akaongeza dazeni sita za port kwa sharti moja: John athibitishe kwa maandishi, akiweka saini ya jina la Hume, kwamba ameimaliza chupa ile peke yake kwa vikao viwili. Kwa njia hiyo, alieleza, John angekuwa amemaliza tofauti mbili pekee zilizowahi kuwatenganisha katika mambo ya dunia.

Ulikuwa mzaha wa mtu anayekufa, lakini unakubaliana na insha yake. Hakuna mhakiki aliyeitwa kuamua. Kati ya marafiki, port au Bordeaux ulikuwa mlango ule wa tofauti usio na lawama. David Hume alifariki tarehe 25 Agosti mwaka 1776, akiwa na umri wa miaka 65.

Baada yake

Miaka 200 baadaye, tarehe 24 Mei mwaka 1976, mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakutanisha Paris waonjaji mashuhuri wa Ufaransa na kuwaonjesha mivinyo bila kuwaonyesha majina. Mivinyo ya California iliongoza kwa nyeupe na kwa nyekundu. Majaji walikuwa na mazoezi na ulinganishaji wa kutosha. Kilichofichwa kilikuwa jina la nchi, na pamoja nalo upendeleo.

Tafiti za baadaye ziliwaweka wataalamu pabaya zaidi. Katika utafiti wa Bordeaux uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 Robert Hodgson alionyesha kuwa katika mashindano ya California, takriban jaji mmoja tu kati ya kumi aliweza kuupa daraja moja mvinyo uleule uliomiminwa mara tatu kutoka chupa moja.

Mwaka 2004 wahakiki wawili wenye sifa kubwa, Mmarekani Robert Parker na Mwingereza Jancis Robinson, walitofautiana hadharani juu ya mvinyo wa Château Pavie wa mwaka 2003. Parker aliusifu sana. Robinson aliushutumu kuwa umeiva kupita kiasi hata ukafanana na port. Wote wawili walionja ule uiva, mmoja akaupenda na mwingine akaukataa. Ni ubishi wa Hume na Home umerudi, safari hii kukiwa na fedha nyingi mezani.

Kuna wanaosema kigezo cha Hume kinazunguka: mahakimu wazuri hutambulikana kwa kuchagua kazi nzuri, na kazi nzuri hutambulikana kwa kuchaguliwa na mahakimu wazuri. Lakini hata majaribio yaliyowaumbua waonjaji yanazitumia sifa zake kama kipimo. Mtu hawezi kusema jaji amedanganywa na rangi au na jina bila kukubali kwamba ipo namna ya kuonja isiyodanganywa.

Kipimo hichohicho kimetumika kwake. Mwezi Septemba mwaka 2020, Chuo Kikuu cha Edinburgh, kilichokataa kumpa kazi na baadaye kikalipa jengo refu jina lake, kililiondoa jina hilo kwa sababu ya maandishi yake juu ya watu weusi. Wapo walioona ni haki, na wapo waliosema mtu hupimwa kwa kazi yake yote.

Kaburi lake lipo katika makaburi ya Old Calton mjini Edinburgh, katika mnara wa mviringo uliochorwa na Robert Adam. Hume aliagiza liandikwe jina lake na miaka ya kuzaliwa na kufa tu, mengine waongeze watakaokuja baadaye.